Mbwa Aliyekaa Mbele ya Bunduki

Katika maisha yangu nimemwona mbwa mmoja tu aliyeukimbilia mlio wa bunduki. Ilikuwa mchana wa Ramadhani, mjini Tororo, karibu na ghala la pamba. Askari wa Bwana Afya alifyatua risasi, mbwa wawili wa sokoni wakatimka mikia wameifyata, na wa tatu akatokeza upande wa pili wa ghala akija mbio kule walikotoka wenzake. Alifika mbele ya viatu vya askari, akakaa kitako, akainua uso akamtazama mikononi. Udenda ulikuwa ukimdondoka. Jina lake Karani, na alifanya vile kwa sababu sisi watu wa nyumbani kwake tulikuwa tumeshinda miezi tukimfundisha kwamba mlio mkubwa si kitu cha kuogopwa.

Nisingeandika habari hizi kama nisingekutana tena na Nyaketcho. Mwaka jana mjukuu wangu alioa Busia, na vijana wakawasha fataki uani kabla hata chakula hakijaisha kugawiwa. Mbwa wa nyumba ile, mdogo, mwenye madoa, alipita katikati ya miguu ya wageni akaingia chini ya kiti cha bibi mmoja aliyekaa upande wa akina mama wa jirani. Wengine walicheka, mmoja akavua kandambili kumfukuza. Yule bibi akamzuia kwa mkono. Alifungua kitenge chake cha juu, akakitandaza kwenye kiti mpaka kikagusa chini kama pazia, akachukua kipande cha nyama sahanini mwake na kukisukuma chini ya pazia bila kuangalia, huku akiendelea kuongea na mwenzake habari za bei ya ufuta. Nilisahau kutafuna. Nilikuwa nimeuona mkono ule ukifanya kitu kilekile zaidi ya miaka hamsini nyuma, katika jiko la shangazi yangu. Nikasogeza kiti changu karibu naye, nikamwuliza kama anamkumbuka Karani. Alinitazama, akasema kwa Kiswahili chake kilekile cha zamani, "Rehema. Wewe nazeeka vibaya."

Mwaka ninaousimulia ulikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Nilikuwa nimemaliza shule, nikakaa kwa shangazi yangu Bi Zaituni nikisubiri kuitwa kwenye mafunzo ya ualimu. Shangazi alikuwa na hoteli kando ya barabara iendayo Busia. Hoteli kwetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza mbili ndefu na mabenchi, na nyuma yake vyumba viwili tulivyolala, kimoja kikiwa kimejaa magunia ya mchele na sukari kiasi kwamba kitanda changu kilikuwa kama gunia jingine. Kwenye baraza kulikuwa na cherehani. Hapo ndipo nilipokaa mchana kutwa nikishona foronya na kanzu za watoto, na kutoka hapo niliweza kuona barabara upande mmoja, ua upande mwingine, na kusikia kila neno lililosemwa mezani. Madereva walidhani kelele ya cherehani humzuia mshonaji kusikia. Nilijua habari za mji mzima bila kuuliza hata moja.

Nyaketcho alikuwa mpishi wetu. Tulilingana umri. Alikuja kwa miguu kutoka Nabuyoga kutafuta kazi, na mbwa huyo akamfuata njia nzima ingawa alimrushia mawe arudi. Shangazi alimpenda msichana kwa sababu ya maharage yake, aliyoyaunga kwa siagi ya ufuta ya kwao, lakini kumkubali mbwa alitoa masharti. Nyumba inayosaliwa haiingizwi mbwa. Angekaa uani, sahani yake ya bati ingetundikwa kwenye ua wa manyara peke yake, na siku atakayolamba chombo cha nyumba, chombo kile kitaoshwa mara saba kwa udongo na maji, na mwoshaji atakuwa Nyaketcho. Nyaketcho alikubali yote. Mwenyewe alilala jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya hoteli, chenye mlango wa mbao za masanduku uliofungwa kwa kamba. Mbwa alilala nje ya mlango ule. Kila mwanamume aliyepita uani kwenda chooni alitazamwa kuanzia viatu mpaka kofia, kama anayeulizwa cheti, na ndiyo maana wateja wakamwita Karani.

Kulikuwa na dereva mmoja, Swaleh, aliyebeba pamba kutoka ghala la Tororo mpaka Busia na kuendelea Kenya. Alikuwa mtu wa maneno matamu, nguo safi hata baada ya safari, na meno yaliyopangika vizuri. Alimletea Nyaketcho sabuni ya kunukia, akairudisha. Akamletea kitambaa, akakirudisha. Baada ya hapo Swaleh akawa akimaliza kula hutoka kupitia uani ingawa mlango wa mbele ulikuwa karibu zaidi, na Karani akawa akisimama. Hakubweka. Alisimama tu katikati ya mlango wa jiko, manyoya ya shingoni yameinuka, mpaka mtu apite. Siku moja nilimsikia Swaleh akimwambia Nyaketcho kwa sauti ya utani, "Mtoto, karani wako ana kiburi kama wa ofisi ya D.C. Lakini hata karani huenda likizo." Nyaketcho aliendelea kuchagua mchele. Baadaye aliniambia kwamba kila jioni, kabla ya kufunga kamba ya mlango, hunyoosha mguu nje ili auguse mgongo wa mbwa, ajue yupo.

Kisha yakaja machimbo. Kontrakta mmoja aliyepewa kazi ya barabara alifungua machimbo ya kokoto chini ya jabali la Tororo, upande wetu. Saa sita mchana, wafanyakazi wakienda kula, honi ilipigwa, ndefu, kama ng'ombe anayechinjwa. Halafu ukapita muda wa kutosha kuchemsha birika la chai, watu wakiondoka kule, na kisha baruti ikalia. Siku ya kwanza vikombe vilitembea mezani. Shangazi alisoma dua. Wateja walitoka nje kutazama vumbi jeupe likipanda, wakarudi wakicheka. Karani hakuonekana. Tulimkuta jioni ndani ya banda la kuni, amejibana nyuma kabisa, macho yameonyesha weupe, amejikojolea, na meno yake yalikuwa yametafuna nguzo ya banda mpaka ikabaki kama muwa. Siku ya pili aliruka ua akakimbia barabara ya kijiji cha Molo, akaletwa na muuza kuku kesho yake akiwa amefungwa kamba ya katani. Ndipo tukaona kwamba hakuhitaji hata kungoja baruti. Honi ikianza tu, miguu ya nyuma ilitetemeka.

Hofu yake ingekuwa shida ndogo kama si kichaa cha mbwa. Mtu mmoja aliumwa sokoni, akafa kwa namna ambayo watu waliisimulia kwa kunong'ona, na Bwana Afya akatoa amri. Mpiga mbiu alipita na ngoma yake: kila mbwa akae ndani ya ua wa mwenyewe, atakayekutwa njiani atapigwa risasi. Askari mmoja alipewa bunduki na mkokoteni wa kukusanyia mizoga. Magurudumu ya mkokoteni ule yalilia, na mlio wake niliujua kabla sijauona. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi hata kwa sisi tuliokaa jikoni. Honi ikilia, Karani ataruka ua. Akiruka ua, atauawa. Akiuawa, mlango wa mbao za masanduku utabaki na kamba yake tu. Swaleh naye aliijua hesabu hii. Mara mbili, siku ambazo mbwa alikuwa mafichoni baada ya baruti, alikuja uani wakati wa magharibi akasema anataka moto wa sigara. Mara ya pili shangazi alitoka na kibiriti, akamwashia sigara mwenyewe, akasimama pale mpaka ikaisha.

Kila mtu alikuwa na dawa. Tulimziba Karani masikio kwa pamba mbichi, ambayo mji wetu haukupungukiwa nayo, akaikung'uta yote kabla hatujamwacha. Tulimfunika gunia. Muuza dawa wa sokoni alitaka kumpa majani ya kumlaza, Nyaketcho akakataa akisema mbwa aliyelala si mbwa. Swaleh ndiye aliyetoa shauri ambalo wanaume wote mezani walilisifu: mfungeni kwenye mti, washeni fataki miguuni pake mpaka achoke kuogopa. Alinunua fataki kwa hela yake katika duka la Kihindi, akaja nazo saa ambayo Nyaketcho alikuwa kisimani. Niliacha cherehani nikakimbia uani, lakini ya kwanza ilikuwa imekwisha kupasuka. Karani alikuwa anajinyonga kwa kamba. Swaleh alisimama kando, mikono mfukoni, akimtazama kwa makini sana, kama fundi anayesikiliza injini. Shangazi alimfukuza, naye akaondoka akisema tunamlea mbwa kama mtoto wa mfalme. Baada ya siku ile Karani aliogopa hata kifuniko cha sufuria.

Nyaketcho alikaa na mbwa wake usiku ule, na asubuhi akaja na njia yake. Kwao, alisema, ndama anayeogopa mto hatupwi mtoni. Hupewa majani mbali na maji, kesho karibu kidogo, mpaka akili yake ifikiri majani tu. Tukaanza. Kazi yangu ilikuwa debe. Nilisimama mwisho wa ua, karibu na choo, nikaligonga kwa mwiko polepole sana, mara moja, na papo hapo Nyaketcho alimpa Karani kichwa cha samaki wa kukaushwa. Samaki wale walitoka Lumino, na Karani aliwapenda kuliko nyama. Masikio yakilala nyuma, tuliacha. Akila bila kutazama huku na huku, kesho nilisogea hatua chache. Kulikuwa na siku tulirudi nyuma kuliko tulikoanza, na Nyaketcho hakukasirika wala hakumbembeleza. Alikaa tu, mkono umefunguka, akingoja. Kutoka debe tukaenda kwenye kifuniko, kutoka kifuniko tukaenda kwenye mifuko ya karatasi ya sukari, ambayo niliipuliza na kuipasua kwa kiganja. Wateja walizoea. Walikunywa chai wakitutazama kama wanaotazama mchezo, wakiwekeana ahadi za soda kama leo atakula au hatakula. Swaleh alirudi baada ya muda, akaomba radhi kwa shangazi kwa adabu, akakaa kwenye benchi lake. Yeye hakuahidi soda. Alitazama tu.

Honi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko vyote, maana hatukuweza kuiomba ilie kidogo. Hapo shangazi ndiye aliyetuokoa. Siku moja saa sita, honi ilipoanza, alimwona Karani akizunguka ua akitafuta pa kupita. Akashika upindo wa kanga yake usiguswe na mbwa, akafungua mlango wa jiko alioukataza mwenyewe, akasema, "Mwingizeni. Mungu anaona." Tangu siku ile Karani alikuwa na pembe yake ndani, nyuma ya magunia ya mkaa, yenye kitambaa kilichotundikwa kama pazia na kitenge kikuukuu cha Nyaketcho cha kulalia. Honi ikilia, kichwa cha samaki kiliingia chini ya pazia. Baruti ikilia, kingine. Mwanzo tulivikuta havijaguswa. Kisha vikawa vinaliwa vumbi likishatua. Kisha ikafika siku ambayo honi ililia na Karani akatoka mwenyewe kutoka kivulini, akakaa mbele ya Nyaketcho, udenda ukimtoka, akamtazama mikononi. Nyaketcho aligeuza uso ukutani. Nadhani alilia. Jioni ya sikukuu ya Wahindi, fataki zilipopasuka mji mzima, Karani alikwenda kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine uani akidai haki yake, tukacheka mpaka shangazi akashika mbavu. Yeye peke yake ndiye aliyesema jambo ambalo halikuwa la kicheko. Alisema, "Sasa huyu ataogopa nini?" Sisi tuliendelea kucheka.

Ramadhani iliingia, na nitaeleza jinsi ilivyobadilisha nyumba yetu, maana hapo ndipo palipoharibika. Saa sita, ambayo kwa kawaida ilikuwa saa ya moshi na kelele, ikawa saa ya baridi kuliko zote. Mlango wa mbele ulifungwa. Mafiga yalikuwa majivu. Shangazi alilala baada ya adhuhuri, mimi nilishona nikihesabu kivuli, na Nyaketcho, ambaye hakufunga lakini kwa heshima alikula kabla ya jua kuwa kali, alitumia mchana kwenda kisimani na sokoni kutafuta vitu vya futari. Vichwa vya samaki havikuwepo, kwa kuwa samaki hawakupikwa mpaka jioni. Hakuna aliyeona tatizo. Karani amepona, tulisema, na aliyepona haendelei kumeza dawa. Tulifikiri tumemwondolea hofu. Leo, nikiwa nimefundisha watoto karibu maisha yangu yote, najua kwamba hatukuwa tumemwondolea kitu tu. Tulikuwa tumempa kitu pia, nacho ni kungoja.

Siku za mwanzo honi ililia, akaenda kukaa mbele ya mafiga baridi. Alitazama mikono yangu, nami nikamwonyesha kwamba haina kitu. Baada ya hapo akawa anazunguka ua akinusa. Kisha mchana mmoja nikainua kichwa kutoka kwenye cherehani baada ya baruti, nikaona hayupo. Alirudi kabla sijafika kwenye ua kumwita, ametulia, akalala kwenye kivuli akijilamba. Nilipoinama karibu naye niliona manyoya ya kidevu chake yamelowa mafuta. Mafuta ya nyama ya kuchoma, yanayonukia, saa saba mchana wa Ramadhani, katika nyumba ambayo haikuwa na kitu kilichopikwa. Nilimwambia Nyaketcho. Alisema labda ameokota sokoni, akamfunga kamba. Siku iliyofuata honi ikalia na Karani akaitafuna kamba. Tulimfunga tena kwa mnyororo wa ndoo. Kesho yake mnyororo ulikuwa chini, kulabu imefunguliwa. Tulilaumiana kidogo, kila mmoja akidhani mwenzake hakuifunga vizuri. Ninakumbuka pia, ingawa wakati ule sikuviweka vitu hivi pamoja, kwamba lori la Swaleh lilikuwa likiegeshwa nyuma ya ghala la pamba mchana, na kwamba madereva walimcheka kwa kuwa hafungi, hujificha ndani ya lori na kula.

Mchana ule ninaousema, honi ililia nikiwa naingiza uzi kwenye sindano. Karani alipita mbele ya baraza, akapenya chini ya manyara mahali ambapo alikuwa ameshapalainisha kwa mgongo, akashika njia ya ghala. Halafu nikasikia magurudumu ya mkokoteni. Nilikimbia bila viatu, ushungi mkononi. Nilipofika pembe ya ghala askari alikuwa ndiyo kwanza anafyatua, na niliona yale niliyoyaandika mwanzoni. Watu wachache waliokuwa kivulini walisogea nyuma. Askari mwenyewe alisogea. Alikuwa mtu mzima, si mkali, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kweli.

"Mbwa mzima hukimbia bunduki," alisema. "Huyu ana kichaa. Tazameni udenda."

Nilimwambia hapana, anangoja chakula. Nilimweleza debe, mifuko ya sukari, vichwa vya samaki, vyote kwa mkupuo mmoja, nikihema. Maneno yalipotoka niliyasikia kama askari alivyoyasikia, na nikajua kwamba hata mimi nisingeamini. Mtu mmoja alicheka. Askari aliniuliza kama ni mbwa wangu. Nikasema ni wa Nyaketcho wa hoteli ya Bi Zaituni, na kwamba kila mteja anamjua. Hapo nikamwona Swaleh akija kutoka nyuma ya ghala, lilikoegeshwa lori lake, akifuta mikono kwa kitambaa. Nilifurahi kumwona. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli. Nilimwita kwa jina, nikamwomba amwambie askari.

Swaleh alimtazama Karani, akanitazama mimi. "Mbwa wa mji wanafanana, dada," alisema. "Mimi simjui huyu."

Kisha akamwambia askari kwamba si vizuri kumpiga risasi pale penye watu, damu ya mwenye kichaa ni hatari, ampeleke nyuma ya ghala. Akaenda mbio kwenye lori lake akarudi na kamba. Askari hakutaka kumgusa mbwa. Swaleh akasema yeye haogopi, akainama na kumvisha Karani kamba shingoni. Karani, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu huyo apite mlango wa jiko bila kuinua manyoya, alinyoosha shingo. Alinusa vidole vyake, akasimama, akamfuata kando kwa kando kama mbwa na bwana wake. Askari alifuata nyuma na bunduki. Nilianza kwenda nao, mzee mmoja akanishika mkono akaniambia binti, kichaa hakina dawa, rudi nyumbani kwenu.

Walipopinda pembe ya ghala, baruti ya machimbo ikalia. Mabati ya ghala yalitetemeka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na njiwa wote wakaruka. Kama palikuwa na risasi ndani ya mlio ule, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuitenga. Vumbi lilipoanza kushuka nilisikia lori likiwashwa upande wa pili. Liliingia barabarani likaelekea Busia. Askari alirudi peke yake, bunduki begani. Nilimwuliza. Akasema kazi imekwisha, bila kunitazama. Mkokoteni wake ulikuwa na mzoga mmoja wa asubuhi, wa rangi nyeusi. Karani alikuwa wa rangi ya mtama. Askari alisukuma mkokoteni akaondoka, wala hakurudi nyuma ya ghala kuchukua mwingine.

Nyaketcho alinisikiliza akiwa amesimama, ndoo ya maji bado kichwani. Aliitua, akaenda nyuma ya ghala peke yake, nami nikamfuata kwa mbali. Alitafuta mpaka jua lilipoinama. Hapakuwa na damu wala ganda la risasi. Palipokuwa pameegeshwa lori palikuwa na mifupa ya mbuzi, imetafunwa vizuri, mingine mipya, mingine imekwisha kuwa myeupe kwa jua. Aliikusanya yote ndani ya kanga yake, akaitazama, kisha akaimwaga palepale. Jioni shangazi alimwambia asilale jikoni tena, akamtandikia mkeka kati ya kitanda changu na magunia. Kabla ya kulala nilimwona akinyoosha mguu kutoka kwenye mkeka mpaka ukagusa mlango, akaurudisha. Hakukaa mpaka Idi. Alikusanya nguo zake asubuhi moja, akamshukuru shangazi kwa magoti, akarudi Nabuyoga, na mimi niliitwa ualimu muda mfupi baadaye.

Swaleh alikuja hotelini siku ya Idi, na kanzu mpya. Aliuliza mpishi yuko wapi. Shangazi alimwekea chai kama mteja yeyote, kisha akamwuliza, mbele ya meza nzima, mbwa alimpeleka wapi. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Bi Zaituni," alisema, "mbwa ni najisi. Mimi ningempeleka wapi?" Wote walicheka naye. Shangazi alikichukua kikombe kile baada ya yeye kuondoka, akakiosha kwa udongo na maji mara saba, na tangu siku hiyo hakumpa chakula tena.

Haya yote nilimkumbusha Nyaketcho pale arusini, fataki zikiwa zimekwisha na mbwa mwenye madoa bado amejilaza chini ya kiti chake. Nilimwambia kwamba kwa maoni yangu askari alimpiga risasi, kwamba lori liliondoka kwa kuwa pamba ilikuwa imeshapakiwa, na kwamba mimi nimeamua kuamini hivyo. Alitikisa kichwa polepole. Kuna jambo hakupata nafasi ya kuniambia, alisema, maana hatukuonana tena. Baada ya mavuno mawili au matatu, akiwa ameolewa tayari, alikuja Busia na kapu la ufuta, akavuka upande wa Kenya ambako bei ilikuwa nzuri zaidi. Alikuwa akipima ufuta wake kwa mnunuzi wakati gurudumu la gari lilipopasuka njiani. Watu walilala chini. Mbuzi walikata kamba.

"Mbwa moja nakuja," alisema Nyaketcho. "Kutoka chini ya lori. Nakimbia kuja kwa mlio. Nakaa pale kwa gurudumu, naangalia mikono ya watu."

Nilimwuliza kama alikuwa wa rangi ya mtama. Alisema alikuwa na vumbi, na mbwa wa rangi ile ni wengi. Nilimwuliza kama alimwita. Alisema alimwita kwa lugha ya kwao, mara moja, kwa sauti ndogo, na mbwa akageuza kichwa, lakini mbwa yeyote hugeuza kichwa akisikia sauti ya mtu. Akataka kumkaribia. Kichwa cha samaki hakuwa nacho, alikuwa na ufuta tu. Ndipo mlango wa lori lile ulipoanza kufunguka upande wa dereva. Nyaketcho aliona mkono kwenye mlango, mkono wenye shati safi hata baada ya safari. Aliacha ufuta wake kwenye mizani, akageuka akavuka mpaka kwa miguu bila kutazama nyuma, na mpaka leo hajui ni nani aliyeshuka.